Spika ya Kushoto

Burj Hammoud, Beirut
Jumatatu, wiki tatu kabla ya Pasaka

Kwa Dada Maral,

Salamu zikufikie huko kwenye theluji, zikukute umevaa soksi mbili mbili kama Mama alivyokuagiza. Hujambo? Kifua kimeacha kukubana? Yule bibi mzee unayemtunza kazini, anayekuita kwa jina la marehemu mdogo wake, bado yupo? Mwambie namsalimu, hata kama atadhani mimi ni marehemu mwingine. Sisi huku tuko salama. Mama ni mzima, magoti tu ndiyo yanamlalamikia akipanda ngazi, na lifti yetu unaijua, mara ya mwisho kupanda ilikuwa wewe bado unasuka mikia miwili. Mimi ni mzima kupita kiasi. Nimerefuka, nimeota ndevu upande mmoja, na binti wa duka la vifungo ameniambia nafanana na mchezaji fulani wa mpira, ila kakataa kunitajia ni yupi.

Najua umeduwaa kuona karatasi. Hovig aliyeaga shule darasa la nane, mwalimu akafanya sherehe, leo kaandika barua! Usizimie. Simu ninayo na chaji ipo, lakini hili sikuweza kulisema kwenye simu. Kwenye simu nitacheka, na nikishaanza kucheka nitakudanganya, ndivyo nilivyo. Kwa hiyo nampa Bi. Azniv, anayesafiri Alhamisi kwenda kumwona binti yake huko kwenu. Kwenye mfuko huohuo Mama ametia viungo vya zaatari, na nyama kavu ya basterma iliyofungwa plastiki nne ili isinukie ndani ya ndege. Itanukia. Bi. Azniv ameapa kukukabidhi kabla hata hajavua koti lake. Nimemwapisha mara mbili, maana wewe umeandika kwamba mwisho wa mwezi huu unamwambia bosi wako basi, unakata tiketi, unarudi nyumbani kabla ya Pasaka uimbe na bendi. Umesema mwenyewe kwamba ukitoka kabla ya karatasi za ukaazi utakuwa umepoteza miaka yote miwili, na kwamba bora upotee ukiwa kwenye bendi kuliko upate ukiwa peke yako. Sawa. Ila kabla hujaenda kwa bosi, nisome mpaka chini. Na usianzie mwisho, nakujua.

Niseme kwanza kuhusu rekodi ninazokutumia kila Jumapili. Umeniandikia kwamba unazisikiliza kwenye basi asubuhi, gizani, na kwamba bendi imenoga kuliko enzi zenu. Umemsifu mpiga besi mpya, ukasema anapiga kama Nareg. Nikakujibu kwamba Nareg alimfundisha kabla hajaenda Ujerumani. Umelisifu gitaa la solo, nikakwambia ni kijana wa jirani, mtoto wa fundi viatu. Zaidi ya wote umemsifu yule dada wa sauti ya pili. Nilikwambia anaitwa Shoghig, katokea Anjar, anavaa miwani, mpole. Ukaniandikia kwamba unamsikiliza yeye kuliko wengine wote, kwamba anaimba kama mtu ambaye hajawahi kulala nje ya kwao hata siku moja. Ukasema unamwonea wivu, halafu ukasema unampenda, halafu ukasema ukija utasimama naye maiki moja. Hiyo barua yako nimeisoma mpaka imechanika kwenye mkunjo.

Sasa sikiliza jinsi mambo yanavyokwenda hapa tangu uondoke.

Wa kwanza baada yako alikuwa Shant. Jumapili alitutangazia kwamba Jumanne anahamia Yerevan, Armenia, kama mtu anayesema anakwenda kununua mkate. Wimbo gani tutaimba bila solo? Mchungaji Boghos akashika kichwa. Mimi, ambaye wote mlidhani kichwani mwangu mna pamba, nikasema nileteeni Shant Jumatatu na ile kompyuta tuliyopewa na kanisa rafiki la Marekani. Tukatundika mazulia ukutani kwenye chumba cha shule ya Jumapili, nikamkalisha, akapiga nyimbo zote kumi na moja tunazozizungusha mwaka mzima, nikazikata vizuri, nikazipanga. Jumapili iliyofuata Shant yuko Yerevan na gitaa lake liko kanisani. Watu walipiga makofi. Mzee Toros, ambaye hajamsifu mtu tangu vita viishe, alisema kwamba hata kuku hukatwa vibaya kuliko nilivyomkata Shant, na hiyo kwake ni sifa.

Ikawa desturi yetu. Anayeondoka ananunua begi, kisha anaingia chumba cha mazulia, anaacha sehemu yake, ndipo anaaga. Siku hizi mtu akionekana katikati ya wiki anaelekea kanisani na ala mgongoni, mabibi wanaanza kulia kabla hajasema neno, wameshajua viza imetoka. Nareg alipoingia na besi lake, Bi. Azniv alimfuata mpaka mlangoni na leso, akimtukana kwamba ni mbwa mwitu asiye na shukrani na kumtilia lozi mfukoni kwa wakati mmoja. Bahati yangu wewe na Nareg hamsemezani tangu mlipogombana nani aliuchelewesha wimbo siku ya harusi ya binti wa mchungaji, la sivyo angekwambia zamani.

Umeshaelewa, Dada. Kijana aliyefundishwa na Nareg hayuko. Unayemsifu ni Nareg mwenyewe. Na mtoto wa fundi viatu ni Shant. Fundi viatu mwenyewe hana mtoto, ana paka.

Usikunje uso bado. Hebu kwanza nikusifie kazi yangu, maana hapa hakuna wa kunisifia. Kompyuta naiweka kulia kwangu juu ya kiti cha chuma. Mguu wa kushoto una kitufe: nikikikanyaga wimbo unaanza, nikikikanyaga tena kipande kinajizungusha, kwa hiyo Mchungaji akitaka kuomba katikati ya wimbo anaomba hata robo saa na Nareg hachoki. Mikono ni ya dramu. Masikioni nina hedifoni, na ndani yake kuna tik, tik, tik, tik, kama bomba la jikoni kwetu, ndiyo inayonifungamanisha nao. Mke wa mchungaji anaimba sauti ya kwanza, hai, yeye na homa zake. Wengine wote nawatoa mimi kwenye kompyuta. Kuna wapiga dramu wengi Beirut, lakini niletee mmoja anayeongoza watu walioko nchi tatu bila mmoja wao kukosea. Nilimwambia hivyo Mzee Toros. Akanijibu kwamba mimi ni bwana harusi wa kwanza kumwona akicheza na picha za wageni.

Jumamosi ndiyo mbaya. Mazoezi bado ni saa kumi, kama enzi zenu, maana sikuona sababu ya kubadilisha. Nafungua kanisa, nafagia, nasimamisha vishikio vya maiki vyote vitano, kwa kuwa mke wa mchungaji anasema jukwaa tupu linaonekana kama duka lililofilisika. Kishikio cha besi nakiweka palepale alipopenda Nareg, karibu na feni. Natandika nyaya ambazo haziingii popote. Halafu nakaa kwenye dramu na kusema, haya, jamani, twende. Ninasema kwa sauti kubwa. Juzi nilitoa na utani, ule wa kasisi na mbuzi, nikangoja. Mwanzoni mwa wimbo wa nne Nareg alicheka kabla hajaanza kupiga, Bi. Azniv alikuwa amempigia chafya mlangoni. Kicheko hicho sikukikata. Sekunde mbili tu. Jumamosi nakizungusha. Usimwambie mtu.

Watu? Umeniuliza kama kanisa linajaa. Nilikujibu kwamba tunakosa viti. Viti tunavyo, Dada. Jumapili iliyopita niliwahesabu kutoka kwenye dramu, walikuwa kumi na tisa, ukimwondoa mtoto aliyelala. Makofi unayoyasikia kwenye rekodi ni ya siku ya Shant. Niliyahifadhi.

Na Mama kahama kiti. Unajua safu yake, ya tatu kutoka mbele upande wa dirisha, ambapo Baba alikuwa akikaa naye. Siku hizi anakaa upande wa pili kabisa, chini ya spika ya kushoto, shingo kaielekeza juu kama anangoja mtu ashuke ngazi. Mabibi walimtania kwamba amekuwa kiziwi, anunue kifaa kama wenzake. Akawajibu kwamba masikio yake ni mazima, ni miguu tu iliyochagua kiti kingine. Mimi nyuma ya dramu niliinamisha kichwa nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Sasa Jumapili ya jana.

Unakumbuka umeme wetu. Wa serikali ukikatika, tunahesabu mpaka kumi na moja au kumi na mbili, jenereta ya mtaa inaingia. Zile sekunde spika zinakufa lakini kompyuta haifi, ina betri, inaendelea kupiga kimya kimya. Mimi nimeshaizoea. Napiga dramu nikifuata tik-tik ya masikioni, watu wanaimba wenyewe, jenereta inaingia na bendi inarudi mahali pake kana kwamba walikuwa wametoka kunywa maji. Wageni huwa hawagutuki. Najivunia sana hilo.

Jana ulikatika katikati ya wimbo wa saba, ule wa polepole, ambao ukiufikia ubeti wa mwisho ala zote zinanyamaza na sauti ya pili inabaki peke yake. Nikahesabu kumi na mbili. Nikahesabu ishirini. Mwenye jenereta, tukaja kujua baadaye, alikuwa ameishiwa dizeli tangu asubuhi na aliona aibu kusema. Mimi sikujua. Niliendelea. Masikioni mwangu bendi ilikuwa kamili, Nareg anakwenda, Shant anapanda, kila kitu sawasawa, nikafumba macho kabisa kama ninavyofanya. Nilipofumbua, watu kumi na tisa walikuwa wananitazama. Walishaacha kuimba. Mke wa mchungaji kashusha maiki iliyokufa. Kanisa zima lilikuwa linamsikia kijana mmoja anagonga ngoma peke yake, akitikisa kichwa kufuata watu ambao hawapo. Mzee Toros akasema kwa nguvu, maana yeye hajui kunong'ona, kwamba mtoto huyu ameugua, mtoeni hapo mumpe maji.

Na Mama, chini ya spika iliyokufa, alikuwa bado ameinua uso. Ubeti wa mwisho ulikuwa umefika. Ala zikanyamaza, na ile sauti ya pili ikaingia masikioni mwangu, peke yake, safi. Mimi tu ndiye niliyeisikia. Mama alikuwa anaingoja, na mimi nilikuwa nayo.

Dada, sijawahi kujisikia mwizi namna ile, na unajua nilishawahi kuiba kweli.

Shoghig hayupo. Hakuna Shoghig wa Anjar, wala miwani, wala upole. Sauti ya pili ni yako.

Ni ile Jumamosi ya mwisho kabla hujaondoka. Ulikuwa na mafua, sauti ya juu haikutoka, ukamwachia mke wa mchungaji sauti ya kwanza ukashika ya pili, jambo ambalo hukuwahi kulifanya maishani. Nikakuwekea maiki ya pekee nikakwambia napima spika. Sikuwa napima spika. Tulifanya nyimbo zote kumi na moja, unakumbuka ulininunia kwamba spika gani inapimwa kwa saa mbili nzima? Chumba cha mazulia kilikuwa bado hakijazaliwa. Wewe ndiye wa kwanza kabisa, na pekee ambaye sikumwomba. Nilidhani nitaisikiliza mimi tu. Ndiyo maana hukujitambua: mafua, sauti usiyoizoea, na mkono wangu uliosafisha kidogo hapa na pale. Mtu aliyekuwa akiimba kama hajawahi kulala nje ya kwao alikuwa hajalala nje ya kwao. Ilikuwa bado siku tatu.

Mchungaji aliniuliza kama wenye sauti wote wameridhia. Nikasema wote. Sauti yako naitoa kwenye spika ya kushoto tu, na Mama anadhani wewe ndiye uliyeitoa, kama zawadi yake, ndiyo maana hakutajii hilo kwenye simu, anaona haya kushukuru mara mbili.

Kwa nini nilikudanganya? Mara ya kwanza ilikuwa kwa sababu ulikuwa unalia. Ulinipigia ukiwa kwenye kituo cha basi, ukaniuliza nani kabaki, na mimi sikuweza kukwambia hamna. Nikakutajia majina. Yalikuja yenyewe, unajua mdomo wangu. Lakini baadaye, ulipoanza kuandika kwamba unatamani kurudi, nikaona kumbe uongo unafanya kazi. Nikakuongezea. Shoghig nilimvisha miwani mwezi wa kwanza, ulipouliza bei za tiketi. Nilitaka uje, Dada. Ningekuwa nimekuja kukupokea uwanja wa ndege, ungefika kanisani Jumapili, ungekuta vishikio vitano na mimi, na mlango wa huko ungekuwa umeshafungwa nyuma yako. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimepanga, ingawa sikuwahi kujiambia kwa maneno kama nilivyokuandikia sasa. Niliwaza tu kwamba Jumamosi ungecheka ule utani wa mbuzi.

Nimalizie ya jana. Nilivua hedifoni. Nikaziweka juu ya kiti, zikawa zinalia kidogo kama mdudu, nikaifunga kompyuta. Mama akanitazama, akatazama spika, akaelewa kwamba hakuna kitu kitakachoshuka. Basi akaanza ubeti wa mwisho yeye mwenyewe, kwa sauti ile yake ya kuitia watu chakula. Wengine wakamfuata. Walipofika mahali pa sauti ya pili, kila mtu alinyamaza, Dada, watu kumi na tisa, wakaacha nafasi yako wazi kama wanavyomwachia mtu kiti. Nafasi ile ilikuwa ndefu mno. Nikaiimba mimi. Sijui nani alinituma. Nilitoa sauti kama mlango wa lifti yetu. Mzee Toros akajikongoja kuunga mkono kutoka nyuma, akiwa kwenye wimbo mwingine kabisa, na Mama akacheka mpaka akashika ubavu, huku machozi yanamtoka. Tukamaliza hivyohivyo. Hakuna aliyepiga makofi.

Simu yangu ilikuwa inarekodi kama kila Jumapili. Ndani ya bahasha hii kuna kadi ndogo ya kumbukumbu, nimeibandika kwa gundi nyuma ya picha ya Baba, usiitupe. Humo kuna jana yote, sikukata popote. Utasikia kikohozi, viti vitupu vinavyoitika mtu akikohoa, na mimi. Cheka, nimekuruhusu. Hiyo ndiyo bendi. Ukitaka kurudi, rudi kwa hiyo, na ukitaka kubaki upate karatasi zako, baki. Sitakuongezea mtu mwingine.

Ila nina ombi, na hili naliomba kwa adabu, sipimi spika. Sauti yako bado iko kwenye kompyuta. Sijaifuta wala sitaipiga mpaka uniambie. Ukisema niifute, nitaifuta mbele ya Mchungaji na nitamwambia na yeye ukweli, halafu nitamsaidia Mama kurudi safu ya tatu. Ukisema ibaki, basi iwe ni wewe uliyeitoa. Mpaka jibu lako lije, Jumapili spika ya kushoto itakuwa kimya, na Mama nimemwambia ina hitilafu. Huo ndio uongo wangu wa mwisho, nakuomba uharakishe jibu uniondolee.

Mama anakusalimu, anasema kula. Mchungaji na mkewe wanakusalimu. Mzee Toros anasema anakudai wimbo. Binti wa duka la vifungo hakujui lakini nimemfundisha akusalimu. Msalimie yule bibi wako, mfunike vizuri miguu. Na siku ukipanda basi asubuhi, ukisikia kadi hii, usishuke kituoni kabla haijaisha, maana mwishoni kabisa, baada ya watu kutoka, kuna mtu anafagia na kupiga mluzi sauti ya pili. Anakosea palepale.

Ni mimi mdogo wako, mpiga dramu, mpiga besi, mtoto wa fundi viatu, na Shoghig wa Anjar,

Hovig